WANA WA BI SOMOE (MIKINDANI) 🌴

*Alhamisi*

19:42 Dada Mwaju: Assalam alaykum wana wa Bi Somoe. Nina jambo moja tu, nalo ni la leo si la kesho. Maikrowevu ya mama.

19:43 Dada Mwaju: Tatu kanipigia. Mama kaitoa nje, ipo barazani imefunikwa khanga. Watoto wameambiwa wapitie uani. Mashine tuliyoichangia watu kumi na mmoja!! Mvua ikinyesha je?

19:45 Dada Mwaju: Fundi wa sokoni nimeshaongea naye, anakuja Jumamosi saa tatu asubuhi. Anataka 35,000. Kila mtu 5,000, namba yangu ile ile. Naanza mimi ✅

20:31 Dada Mwaju: ???

20:32 Dada Mwaju: Naona tiki za bluu tu. Huku Mbagala mtandao upo, Mtwara haupo?

20:58 Juma: Imefunikwa khanga ipi? Tatu tusomee jina

21:03 Tatu: Shikamooni wote. Imeandikwa HASIDI HANA SABABU

21:03 Juma: 😂😂😂 Bi Zaituni kapata salamu zake

21:06 Tatu: Ndiye aliyeanza. Shafii aliweka yai la kuchemsha na ganda lake, dakika mbili. Likalipuka, mlango ukafunguka PUU, kiini kipo darini mpaka leo. Bi Zaituni akasema mionzi imetoka imejaa nyumba nzima. Bibi akalala kwa Bi Zaituni siku mbili

21:08 Juma: Yai limefika darini, Shafii hata darasa la tatu hajafika

21:15 Hadija: *Imesambazwa mara nyingi*
‼️USIPUUZE‼️ Chakula cha maikrowevu kinabaki na mionzi tumboni MIAKA 10!! Japani wamezichoma zote. Tuma kwa watu 20 uokoe familia yako

21:16 Hadija: Mimi nilisema tangu siku ya kununua

21:17 Dada Mwaju: Hadija siku ya kununua ulisema rangi nyeupe inachafuka

21:40 Shemeji Hemedi: Hadija dada yangu, Japani karibu kila nyumba inayo. Na chakula hakibaki na mionzi. Ukizima taa, mwanga unabaki chumbani? Hii nayo ikizimika, mawimbi yamekwisha hapo hapo. Kinachobaki ni joto, kama chungu kilichoepuliwa. Mawimbi yenyewe ni ndugu wa mawimbi ya redio. Hiyo hotspoti unayosambazia habari za Japani ipo gigahezi 2.4, mashine ya mama ipo 2.45. Tofauti ni nguvu, moja wati mia nane, nyingine haifiki hata moja. Ndiyo maana ikafungiwa ndani ya boksi la bati. Kile kiwavu cha mlangoni matundu yake ni milimita moja au mbili, na wimbi lina urefu wa sentimita 12. Ni sawa na papa kwenye nyavu ya dagaa, hapiti.

21:42 Juma: Mwalimu papa anaichana nyavu

21:42 Shemeji Hemedi: Nimesema mfano

21:43 Juma: Mikindani hapa nani kakufundisha uvuvi, mtu wa Nachingwea

21:44 Zamda: 🤣🤣

21:50 Dada Mwaju: HELA JAMANI. Kuna mtu mmoja tu katuma nami namjua, ni mimi.

*Ijumaa*

06:05 Bakari: Salamu kutoka Masasi. Nimeamka nakuta mwanangu anatukanwa. Shafii kapelekwa likizo kwa bibi yake, si jela. Ile mashine ya kwanza mimi nilitoa 30,000, kuna watu walitoa emoji.

06:20 Dada Mwaju: Bakari hakuna aliyemtukana mtoto. Na hesabu tusianze, tukianza tutafika kwenye vitu vilivyopanda basi kwenda huko Masasi.

06:21 Bakari: Vitu gani?

06:21 Zamda: 👀

06:22 Dada Mwaju: *Ujumbe huu umefutwa*

06:22 Bakari: Nimeusoma.

06:48 Salma: Shikamooni, natoka zamu ya usiku ndio nasoma. Dada Mwaju, huyo fundi kasema tatizo ni nini hasa?

06:50 Dada Mwaju: Bawaba ya mlango imepinda, haubani vizuri chini. Ile swichi ya mlango haibonyei kwa hiyo haiwaki. Kasema rahisi tu, ataipiga dairekti iwake hata mlango ukiachia.

06:51 Salma: DADA. HAPANA.

06:58 Salma: Sikilizeni. Mimi nashinda chumba cha eksirei, mionzi ninayoiogopa naijua. Ile inang'oa elektroni kwenye atomu, inaweza kuharibu vinasaba, ndiyo maana navaa aproni ya madini ya risasi. Ya maikrowevu haina uwezo huo, inatikisa maji yaliyomo kwenye chakula mpaka yanapata moto. Siku ya yai hakuna kilichomdhuru mama. Mvuke ulikosa pa kutokea ndani ya ganda, basi. Mlango ulipofunguka ile swichi ikakata, ikafanya kazi yake. Sasa fundi anataka kuiua hiyo hiyo swichi! Mashine ikiwaka mlango wazi itapika mkono wa mama kama inavyopika mchuzi. Na jicho ni baya zaidi, halina damu ya kutosha kupooza joto, lensi inapata ukungu. Tumempeleka kutolewa mtoto wa jicho juzi tu!

07:00 Juma: Kwa hiyo tukiielekeza baharini pweza wanatoka wameiva 🐙

07:01 Zamda: Weka na ndimu kabisa

07:02 Juma: Nitamwambia fundi aongeze na gurudumu tuipeleke Shangani wikiendi

07:04 Salma: Juma nipo serious. Na huyo fundi mwenyewe yupo hatarini. Ndani mna kapasita, kifaa cha kutunza umeme, inaweza kushika volti zaidi ya 2,000 hata ukishachomoa plagi. Fundi redio hajui hilo, anaingiza bisibisi tu.

07:06 Hadija: Si nilisema ina hatari

07:06 Salma: Hukusema hivi Hadija

07:15 Zamda: Na maziwa ya mtoto? Nilikuwa naweka chupa humo nikija

07:19 Salma: Usiweke chupa da Zamda. Inapasha sehemu sehemu, chupa unaishika vuguvugu kumbe katikati panaunguza. Hata wali wa jana ukipasha geuza, koroga, mpaka wote utoe mvuke. Na ile sahani ya mama ya harusi yenye ukingo wa dhahabu ndiyo ilitoa cheche Idi, haikuwa jini

07:21 Juma: Tulisoma mpaka Yasini 😭

07:30 Dada Mwaju: Sawa Salma lakini mimi nipo Dar. Mama anapuliza mkaa na kifua kile. Nimefanya nilichoweza. Wengine mpo Mtwara hapo dakika ishirini mnaleta elimu.

07:31 Salma: Dada mimi ndiye naenda kila Jumapili

07:31 Dada Mwaju: Sijakutaja.

12:51 Mjomba Mfaume: SHIKAMOO ZENU NIMEZIPOKEA. NIMESOMA TANGU YAI. HABARI YA MIONZI NAMWACHIA SALMA NDIYO KAZI YAKE. FUNDI ASIIGUSE. NIMEMPIGIA DADA YANGU NIMEMUULIZA UNAOGOPA NINI. KANIAMBIA MFAUME SIOGOPI KITU, BI ZAITUNI NDIYE MUOGA. NIMEIWEKA BARAZANI NINAPOKAA ILI ANAYEKUJA KUICHUKUA NIMUONE. LILE FRIJI LILITOLEWA KWENDA KWA FUNDI NIKIWA EDANI NDANI SIKULIONA LINAVYOTOKA. MWISHO WA KUNUKUU. BAKARI NIPO NEWALA KORIDO SI MBALI.

12:52 Mjomba Mfaume: KARIBU SI MBALI. SIMU HII

15:20 Hadija: 🙏

15:47 Bakari: Mjomba nimekuelewa. Nitakupigia.

15:48 Mjomba Mfaume: USINIPIGIE MIMI

17:30 Dada Mwaju: Basi kwa kauli ya Mjomba fundi tunamghairi. Nimeshampa 10,000 ya bodaboda lakini si kitu. Tuchange upya tununue nyingine au mlango wenyewe, Shemeji Hemedi uliza bei kwa wanaouza, si kwa wanaofungua.

17:33 Shemeji Hemedi: Sawa. Hiyo ya zamani ikatwe waya kabisa, asije mtu akaijaribu

17:34 Dada Mwaju: Nani atakata?

17:34 Dada Mwaju: Nani yupo Mikindani kesho?

19:10 Dada Mwaju: Simu ya fundi haipatikani.

22:02 Zamda: Dada nimetuma 5,000. Ilikuwa ya nini tena?

*Jumamosi*

08:55 Tatu: Mama mkubwa fundi amefika

08:55 Dada Mwaju: Mwambie arudi!! Asiguse kitu!!

08:56 Dada Mwaju: Salma pokea simu

08:57 Dada Mwaju: Bakari??

09:04 Tatu: Bibi kamkaribisha uji. Wamekaa barazani, bibi kaegemea mashine

09:06 Tatu: Fundi anauliza na friji lipo wapi, maana aliambiwa na ndugu mmoja wa Masasi usiku kwamba kuna friji pia