Dari inalowa na mvua haijanyesha, hii imekaaje?

Mpangaji_Juu
Wakuu habari zenu. Nyumba yangu ni ya bati, chini kuna dari ya jipsam. Kila msimu wa baridi naamka asubuhi nakuta dari ina madoa ya maji, hasa upande wa chumbani karibu na bafu. Kinachonichanganya mvua haijanyesha muda mrefu, na hata ikinyesha ile kubwa mchana hapadondoki tone. Fundi alikuja akapaka silikoni kwenye kila skrubu, akachukua chake akaondoka, haikupita wiki maji yale yale. Sasa hivi anasema bati limechoka, nipige lami paa zima au nibadilishe bati lote. Kabla sijatumbukiza hela naombeni msaada, haya maji yanatoka wapi? Ukungu mweusi nao ushaanza kwenye kona.

Jembe
Hilo bati limekwisha mkuu. Piga rangi ya kuzuia maji ulale usingizi.

FundiKenchi
Jembe usimwingize mwenzio gharama. Bati linalovuja linavuja mvua ikinyesha, halisubiri kiangazi. Hilo linatoa jasho. Usiku mbingu ikiwa haina mawingu bati linapoteza joto kwenda angani mpaka linakuwa baridi kuliko hewa iliyolizunguka, sasa hewa ya ndani yenye unyevu ikipanda ikaligusa inageuka maji. Na wala bati halihitaji kuwa barafu, hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 70 inaanza kuweka umande ikikuta kitu cha nyuzi 19 hivi. Usiku wa mawingu halitokei sana kwa sababu mawingu yanapunguza lile joto kupotea.

Fanya hivi, panda darini alfajiri kabla jua halijapiga, beba tochi, kanyaga mbao tu usije ukatokea sebuleni. Maji ya kuvuja yana njia yake, yanaingia sehemu moja, yanatambaa kwenye mbao, yanakuja kudondokea hata mita mbili kutoka yalipoingilia, na doa lake chini lina duara la kahawia. Jasho lenyewe limetapakaa, vitone vidogo vidogo chini ya bati. Angalia na ncha za misumari na skrubu zilizotokeza kwa ndani, ukikuta zina kutu na kila moja imening'iniza tone lake basi jibu unalo.

Halafu nikuulize, feni ya bafuni inatolea wapi hewa?

Mama_Wawili
Fundi shikamoo, samahani nadandia uzi wa watu. Mimi paa langu ni zege, plasta ya chini inabanduka, nimeambiwa niongeze lami nyingine juu ya ile ya zamani. Nipake?

FundiKenchi
Marahaba mama. Usipake kwanza. Zege likiwa na maji ndani ukalifunika na lami, jua likiwaka yale maji yanakuwa mvuke, yanatafuta pa kutokea, yanainua lami malengelenge na baadaye inapasuka. Chukua kipande cha nailoni kama nusu mita kila upande, kibandike juu ya zege tupu, ziba kingo zote kwa gundi ya utepe, acha mchana na usiku. Ukifunua ukakuta matone au zege limekuwa jeusi, bado halijakauka. Angalia pia mvua ikiisha maji yanatuama wapi, yakikaa zaidi ya saa 48 shida yako ni mteremko, kila mita moja ishuke angalau sentimita moja na nusu kuelekea bomba la kutolea maji. Bila hivyo utapaka lami kila mwaka.

Mpangaji_Juu
Fundi Mungu akubariki. Nimepanda leo alfajiri. Misumari yote upande wa bafu ina kutu na matone kama ulivyosema, upande wa sebuleni mikavu. Na lile bomba la feni wala halijatoka nje, limeishia humo humo juu ya dari linapumulia kwenye bati!! Vile vitundu vya pembeni chini ya paa navyo vimezibwa na mbao, nadhani ni waliopaka rangi.

FundiKenchi
Basi umejipatia jibu mwenyewe. Watu wanaoga maji ya moto jioni, mvuke wote unakwenda kulala darini. Bomba litoe nje kabisa, liwe fupi, na liinamie kidogo kwa nje ili maji yakijikusanya ndani yake yasirudi kwenye feni. Ziba mianya ya dari pale penye taa na mlango wa kupandia. Kisha fungua vitundu, vya chini pembeni na vya juu karibu na kofia ya paa, maana hewa inaingia chini inatokea juu, ukiweka upande mmoja tu haizunguki. Kipimo kinachotumika sana ni eneo la dari ugawe kwa 300, nusu chini nusu juu, yaani dari ya mita za mraba 60 inataka uwazi wa sentimita za mraba 2,000. Weka wavu wa popo na wadudu, ila wavu nao unapunguza uwazi kwa hiyo zidisha kidogo. Mbao zenye weusi zichome na bisibisi, ikizama kirahisi hiyo mbao ibadilishwe, isiwe ya kupaka rangi juu.

Kandambili
Naongezea. Kama uko sehemu ambayo hewa ya nje yenyewe usiku imejaa unyevu, vitundu peke yake havitakutosha, utakuwa unaingiza unyevu mwingine. Hapo unahitaji ile sufi yenye karatasi ya kung'aa, inalazwa chini ya bati ili hewa isiligandie moja kwa moja. Ila iwekwe bila mianya, pale palipoachwa wazi ndo patakapodondosha.

Mpangaji_Juu
Sawa wakuu nimeelewa. Na ile silikoni kwenye skrubu niikwangue?

FundiKenchi
Iache haina madhara. Ila ile mipira chini ya vichwa vya skrubu ukiona imepasuka kwa jua, badilisha skrubu yenyewe, silikoni juu ya mpira uliokufa haidumu.