Modeli ya faji: bakteria wanafutika halafu wanarudi, nakosea wapi?

Swali
Wakuu, naigiza kwa kompyuta faji (virusi vinavyoua bakteria) dhidi ya Pseudomonas, bakteria sugu kwa antibiotiki. Bakteria 10^8 kwa mililita, ukuaji r = 1 kwa saa, kasi ya faji kunata kwenye bakteria φ = 10^-9, seli ikipasuka inatoa faji β = 100, upotevu wa faji m = 0.1 kwa saa. Bakteria wanashuka hadi 10^-5 kwa mililita, kisha wanarudi. Kwa nini?

Jibu 1
Kizio kwanza, mkuu. Hiyo φ kawaida hupimwa kwa dakika, r yako ni ya saa. Zidisha φ kwa 60. Kizingiti cha faji kuongezeka, m/(φ(β−1)), kinashuka kutoka bakteria milioni 1 hadi kama 17,000 kwa mililita. Chini ya hapo faji zinapungua, na zikipita chini ya r/φ, yaani kama milioni 17, bakteria wanaanza kuota upya.

Jibu 2
Halafu 10^-5 si bakteria, ni desimali tu! Ikibaki chini ya seli 1 katika ujazo wote, weka sifuri, au tumia mbinu ya Gillespie, inayoigiza matukio moja moja kwa bahati nasibu na kuhesabu seli nzima nzima.

Jibu 3
Umesahau bakteria wanaoikwepa faji yenyewe. Mutesheni (badiliko la jeni) ya kuikwepa ikiwa 10^-7 kwa kila seli inapogawanyika, kwenye 10^8 tayari unao angalau 10 hivi kabla ya dozi. Wape mlinganyo wao, kisha jaribu faji mbili zinazonata kwenye vipokezi (sehemu za juu ya seli ambako faji hushika) tofauti.