Begi la Zena
(kikundi: Wana Raskazone)

JUMATANO

Zena: Assalamu alaykum wapendwa, shikamooni wakubwa. Begi la safari yangu ya kusini mwa Afrika nimelipanga leo nikaenda kulipima kwa Mangi dukani. Kilo 14 na nusu 😩 Mimi nilitaka kilo 9. Nisaidieni kupunguza, narudia, KUPUNGUZA.

Zena: 📷 Picha

Mama Zena: Waalaykum salaam. Mbona lile sweta la kijani silioni hapo kitandani?

Zena: Mama 😭

Mjomba Kombo: Marahaba mjomba. Njia ni ile ile?

Zena: Ile ile. Treni ya TAZARA mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, Lusaka, Livingstone, naingia Botswana, Namibia, Afrika Kusini, Lesotho, kisha narudi kwa Malawi. Mwaka mzima, inshallah. Natoka katikati ya Mei.

Mama Zena: Cabo Delgado, kule Msumbiji kwenye mapigano, hupiti.

Zena: Sipiti mama, ndiyo maana nikasema Malawi.

Mama Zena: Naandika ili wote waone.

Salma: Dada nimevuta picha. Jinzi TATU? Unaenda kufungua duka?

Zena: Moja ni ya kutokea.

Salma: Kutokea wapi, Kalahari?

Shaibu Dereva: Nimepaki Mikumi hapa nacheka peke yangu. Zena, jinzi ikilowa nzito kama maiti, na kwa baridi ya kule haikauki siku mbili. Bakisha moja, tena uivae mwilini. Chukua suruali mbili za kitambaa chepesi.

Zena: Nguo za juu je? Nina fulana nane.

Shaibu Dereva: Nne. Unafua usiku, asubuhi unavaa. Mimi barabarani mwaka wa ngapi huu, na kwenye kabini yangu zimo tatu.

Salma: Tunajua kaka, tunaisikia harufu 🤣

Mjomba Kombo: Hiyo suruali ya mabaka mabaka naiona pembeni ya mto. Itoe.

Zena: Hii ni fasheni tu mjomba, nimeinunua soko la Karume.

Mjomba Kombo: Mabaka ya jeshi Zambia raia havai. Zimbabwe pia. Askari wa mpakani hakuulizi umeinunua Karume au Kariakoo. Itoe kabisa.

Shaibu Dereva: Kweli baba. Nilishamwona utingo mmoja anavuliwa kofia Nakonde, mpakani upande wa Zambia, na alikuwa ameivaa kwa mapenzi.

Salma: Suruali naichukua mimi. Asante mjomba.

Mama Zena: Baridi jamani. Hamjaongelea baridi.

Mjomba Kombo: Naam. Zena, baridi itakuanza humu humu nchini. Nimefanya kazi kwenye reli ile, naijua. Mlimba unatoka jasho, treni ikianza kupanda milima, mahandaki na madaraja yale, ukifika Makambako asubuhi meno yanagongana. Kwa hiyo sweta lisiwe chini ya begi. Liwe juu kabisa, ulitoe bila kufumua vitu vyote mbele ya abiria. Na ulizia mapema kama treni ya abiria inatembea wiki hiyo. Kama haipo, basi mpaka Tunduma, uvuke kwa miguu.

Shaibu Dereva: Hiyo ni rasharasha baba. Juni na Julai Botswana kule jangwani usiku maji kwenye ndoo yanashika barafu. Mchana unatembea na fulana.

Mama Mkubwa Rukia: Na Lesotho je? Nchi nzima iko juu, hata pale pa chini kabisa ni kama mita 1,400. Julai theluji huanguka milimani. Mimi niko Mbeya naona hapa ni baridi, sijui huko.

Mama Zena: Mnaona? Basi achukue lile koti langu la Uturuki.

Zena: Mama lile koti peke yake kilo mbili 😅

Shaibu Dereva: Asibebe koti mpaka huko. Anakaa Zambia na Livingstone wiki ngapi kabla ya baridi yenyewe? Avae tabaka: fulana, sweta jepesi la manyoya yale ya sintetiki, juu koti la mvua lisilopitisha upepo. Koti zito anunue akikaribia. Soko la salaula Lusaka makoti yamejaa, bei ya mitumba ile ile. Akimaliza Lesotho anamwachia mtu.

Mama Zena: Amwachie mtu koti?!

Salma: Mama amepata presha.

Zena: Lesotho wenyewe wanajifunga mablanketi, nitanunua moja.

Mama Mkubwa Rukia: Blanketi lile ni la sufu, zito. Nunua ukiwa unarudi, sio unaenda.

Abuu (simu ya Bibi): Bibi ameniambia niandike. Anasema khanga umeweka ngapi.

Zena: Shikamoo bibi. Moja.

Abuu (simu ya Bibi): Anasema moja unamaanisha doti moja.

Zena: Kipande kimoja bibi. Kingine nimekiacha.

Abuu (simu ya Bibi): 🎤 Ujumbe wa sauti 1:48

Salma: Abuu tafadhali tafsiri, mimi niko kwenye daladala.

Abuu (simu ya Bibi): Anasema doti haipasuliwi ikagawanywa kama mkate, kimoja kinakwenda Lesotho kimoja kinabaki Tanga. Halafu akataja watu ambao sitawataja.

Zena: Bibi, khanga ndiyo taulo langu, ndiyo shuka, ndiyo pazia nikilala chumba cha watu wengi, ndiyo ya kuswalia. Taulo nimelitoa kabisa kwa ajili yake. Inakauka haraka.

Abuu (simu ya Bibi): Anauliza ukiiogea ikalowa, utaswali na nini.

Salma: 😂😂😂 Bibi kamaliza kesi.

Zena: Sawa. Doti nzima. Natoa fulana moja.

Mjomba Kombo: Umefanya la maana.

Mama Mkubwa Rukia: Nije kwenye dawa, maana nyie mnaongea nguo tu. Zena, orodha yako ya dawa nimeiona. Hiyo chupa ya kikohozi toa. Zambia ni wakali na dawa za mafua na kikohozi zenye kodeini au difenhidramini, watu wameshikwa uwanja wa ndege kwa chupa ambayo kwao inauzwa duka la kawaida. Kila dawa ibaki kwenye pakiti yake yenye jina, usimwage vidonge kwenye kopo moja. Na barua ya daktari.

Zena: Nilikuwa nimevichanganya tayari 🙈

Mama Mkubwa Rukia: Vichambue. Beba: mseto dozi moja, vipimo vya haraka vya malaria viwili vitatu, ORS pakiti kadhaa, panadol, plasta, krimu ya fangasi. Basi. Mengine famasi zipo. Chandarua chepesi beba kwa ajili ya Zambia, na kaskazini mwa Botswana na Namibia.

Mama Mkubwa Rukia: La muhimu zaidi. Lesotho hakuna malaria, Cape Town hakuna. Ukipata homa huko daktari atafikiria mafua, atakupa vidonge ulale. Wewe mwenyewe useme kwa mdomo wako: nimetoka Tanzania na Zambia, nipime malaria. Usisubiri akuulize.

Zena: Sawa mama mkubwa. Nimeandika.

Mama Mkubwa Rukia: Kadi ya njano?

Zena: Ninayo ya 2019. Haijaisha muda?

Mama Mkubwa Rukia: Haiishi. Tangu 2016 chanjo ya homa ya manjano kadi yake ni ya maisha. Ikae ndani ya pasipoti.

Mama Mkubwa Rukia: Na mambo ya kina mama nakufuata inbox, humu kuna wanaume.

Shaibu Dereva: Sisi tumeshafumba macho.

Baba Mdogo Jumaa: Habari za jioni wana familia. Kuna mwenye namba ya fundi wa friji Chumbageni?

Salma: Baba mdogo 😂 wewe huwa unaingia saa ngapi?

Mjomba Kombo: Jumaa nitakutumia. Tuendelee. Pasipoti, Zena. Imebaki kurasa ngapi tupu?

Zena: Nyingi, ni mpya.

Mjomba Kombo: Afrika Kusini wanataka kurasa mbili tupu kwa mihuri. Na wewe unaingia Lesotho na kutoka, muhuri huku na muhuri kule. Usiwaache wagonge katikati ya ukurasa kwa uvivu.

Shaibu Dereva: Na simu. Laini ya nyumbani usiitoe. Watu wanaweka laini ya Zambia, wanaitupa ya Bongo kwenye begi miezi minne, wakirudi imefungwa. Imesajiliwa kwa vidole vyako, utairudishaje ukiwa Windhoek? Na ujumbe wa benki unakuja humo humo. Simu ya laini mbili, ya nyumbani ikae, uiwekee salio kidogo kidogo.

Zena: Hilo sikuliwaza kabisa.

Shaibu Dereva: Chaja: Zambia tundu ni kama zetu. Afrika Kusini na Namibia ni pini tatu nene za mviringo, adapta utanunua huko huko, usihangaike nayo Dar. Pawabenki lazima. Bwawa la Kariba likikauka Zambia umeme wa mgao wa masaa mengi, 2024 tulikuwa tunachaji simu kwenye lori. Na taa ya kichwani.

Zena: Pawabenki nina ya 30,000. Nzito hiyo.

Shaibu Dereva: Chukua ya 10,000. Unachaji kila unapokuta umeme, siyo mpaka iishe.

Salma: Mfuko wa plastiki wa kuzuia maji ya simu? Maporomoko ya Viktoria pale Livingstone Mei si ndiyo yamejaa?

Shaibu Dereva: Umenena. Mvuke wake unakulowesha mpaka soksi. Ukitoka hapo daraja la Kazungula, mguu mmoja uko Botswana. Zamani tulikuwa tunasubiri pantoni siku nzima na siku ya pili.

Abuu (simu ya Bibi): Bibi anasema amekukaushia dagaa, ameweka na achari ya maembe, na samli kopo moja.

Zena: Bibi 🥺

Shaibu Dereva: Bibi samli itachukuliwa Botswana. Kule wana uzio wa magonjwa ya ng'ombe, nyama mbichi na vitu vya maziwa wanakunyang'anya njiani, hata viatu unakanyagishwa dawa. Viatu vya pili viwe ndani ya begi sehemu rahisi kutoa, wanaweza kuviomba.

Abuu (simu ya Bibi): Anauliza dagaa wana ugonjwa gani wa ng'ombe.

Mjomba Kombo: Dagaa wakae kwenye mfuko unaofungwa kabisa, waliwe kabla ya Kapiri Mposhi. Begi zima litanuka Tanga mpaka Cape Town.

Salma: Angalau akipotea tutamfuata kwa pua.

Mama Zena: Salma.

Zena: Hela je? Nabeba dola?

Shaibu Dereva: Dola chache, noti safi mpya, uzigawe sehemu tatu. Randi inatumika Namibia na Lesotho moja kwa moja, sawa kwa sawa. Lakini dola ya Namibia ukivuka nayo Afrika Kusini ni karatasi tu. Imalize kabla hujatoka. Loti ya Lesotho vivyo hivyo.

IJUMAA

Zena: Wapendwa, nimetoka kwa Mangi. Kilo 10 na robo, doti ya bibi ikiwemo, dagaa hawamo.

Mama Zena: Na sweta la kijani?

Zena: Nitalivaa siku ya safari mama. Mangi hapimi nilichovaa.

Mjomba Kombo: Bado ina uzito. Begi hilo libebe sasa, upande nalo ngazi za ghorofa ya jirani mara kumi, kisha useme unabaki na nini.

Zena: Nimepanda mara tatu. Natoa chandarua?

Mama Mkubwa Rukia: Usithubutu. Toa hayo mafuta ya nywele, naona chupa mbili kubwa. Mimina kidogo kwenye kichupa. Kuhusu dawa usinunue chochote Dar, nazikusanya mimi na barua ya daktari. Treni si inasimama Mbeya? Nitumie siku na namba ya behewa, nitakuja stesheni na mfuko. Kama ni basi, tutakutana stendi ya Nane Nane.

Shaibu Dereva: Na wiki hiyo nikiwa natoka Lusaka tunaweza kupishana Tunduma. Kama kuna kitu umebeba kimekuchosha nakirudisha Dar.

Salma: Jinzi ya pili atakurudishia hapo. Nipelekee mimi moja kwa moja, usipitie kwa mama.