Akchueta ya mstari badala ya sevo kwenye usukani wa krola ya 1/10: uwiano upi wa gia, na ifungweje?

krola_mtongani

Habari wakuu. Gari ni krola ya 1/10 (gari dogo la rimoti la kupanda miamba), kilo 2.8 pamoja na betri ya 2S (seli mbili), tairi za inchi 1.9, dif zote mbili zimefungwa (tairi za kushoto na kulia zinazunguka pamoja). Sevo ya kilo 25 (mota ya kugeuza usukani, nguvu kilo-sentimita 25) imekaa juu ya ekseli ya mbele na ndiyo inayopokea kila jiwe. Nataka kuitoa, niweke akchueta ndogo ya mstari, ile inayosukuma na kuvuta fimbo, ilale nyuma ya ekseli mfano wa silinda ya haidroli kwenye magari makubwa ya kupanda miamba.

Ninayoiangalia ni Actuonix L12-R ya volti 6, mwendo wa fimbo milimita 30, kwa kuwa inachomekwa kwenye risiva (kipokezi cha rimoti) kama sevo ya kawaida. Inapatikana kwa uwiano wa gia wa 50:1, 100:1 na 210:1. Mkono wa kiwiko (kile kipande kinachogeuka pamoja na tairi) una milimita 20 kutoka kwenye pini hadi tundu la bolti, na nataka tairi zigeuke nyuzi 35 kila upande.

Naomba kujua: nichukue uwiano upi, niifunge vipi isipinde, na BEC (kilisha umeme cha risiva na sevo) ya ampea 3 iliyo ndani ya ESC (kidhibiti cha mota ya gari) itatosha? Gari litatembea kwenye mawe ya machimbo Kunduchi na matumbawe ya Coco Beach.

fundi_wa_namba

Mkuu, anza na hesabu ya mwendo wa fimbo. Mkono wa mm 20 ukigeuka nyuzi 35 kila upande, ncha yake inasafiri 2 × 20 × sin 35, yaani mm 23. Fimbo ya mm 30 inakuachia mm 3.5 kila mwisho. Hapo uko salama, usirefushe mkono kupita mm 22.

Sasa kasi. Bila mzigo, 50:1 inakwenda mm 25 kwa sekunde, 100:1 mm 13, na 210:1 mm 6.5. Kutoka kona hadi kona ni kama sekunde 0.9, 1.8 na 3.5. Ikibeba mzigo wa maana kasi inashuka karibu nusu. Sevo yako inafanya kazi hiyo hiyo kwa robo sekunde hivi, kwa hiyo lijue hilo kabla hujatoa hela.

Nguvu ndiyo inayowachanganya wengi. Kiwango cha juu ni nyutoni 22 kwa 50:1, 42 kwa 100:1 na 80 kwa 210:1. Zidisha kwa mkono wa mm 20: unapata kilo-sentimita 4.5, 8.6 na 16. Sevo ya kilo 25 yenye honi (mkono wa sevo) ya mm 20 inasukuma nyutoni zaidi ya 120. Kwa maana hiyo hata 210:1 haiifikii sevo uliyonayo. Anayekwambia akchueta ina nguvu kuliko sevo kwa sababu tu ina skrubu ndani, hajapiga hesabu.

Je, unahitaji kiasi gani? Mbele ya gari lako kunabeba kama kilo 1.7, tuseme nyutoni 8.5 kila tairi. Dif ikiwa imefungwa na gari limesimama, tairi haibiringiki, inaburuzwa kuzunguka pini. Kama katikati ya tairi iko mm 25 nje ya pini na mpira ni laini unaoshika sawasawa, kila tairi inadai karibu nyutoni-mita 0.2, na ongeza kidogo kwa ajili ya kujisokota kwa mpira chini. Tairi mbili ni kama 0.6. Akchueta ya 100:1 inatoa 0.84 mwisho wa nguvu zake. Inatosha kwenye jiwe bapa. Tairi ikikwama kwenye ufa, haitoshi. 50:1 achana nayo kabisa kwa uzito huo.

Ushauri wangu ni 100:1, na ujizoeze kugeuza tairi wakati gari linatambaa japo kidogo. Tairi ikibiringika, mzigo wa kugeuza unapungua sana. BEC haina shida: ikikwama kabisa L12 ya volti 6 inakula kama miliampea 460. Ila usiilishe moja kwa moja kutoka betri ya 2S. Betri iliyojaa ina volti 8.4, na mwisho wa akchueta hiyo ni 7.5. Kama BEC yako inabadilishwa, iweke kwenye 6.

alumini_na_bolti

Nijibu la kufunga, maana vifaa vingi vya aina hii vinakufa kwa kufungwa vibaya kuliko kwa kuzidiwa mzigo.

L12 ya mm 30, fimbo ikiwa imerudi ndani yote, ina mm 82 tundu hadi tundu. Katikati ya mwendo inakuwa mm 97. Tundu la nyuma la akchueta lifungwe kwenye ekseli upande mmoja, fimbo iende kwenye mkono wa kiwiko cha upande wa pili, na tairodi (fimbo ya kati ya tairi mbili) iunganishe viwiko viwili kama kawaida. Isifungwe kwenye chasi hata kidogo. Ikiwa kwenye chasi, kila shokapu ikibonyea usukani unajigeuza wenyewe.

Fimbo ikiwa katikati (mm 15 nje), tairi ziangalie mbele, na fimbo na mkono wa kiwiko viwe nyuzi 90. Ukikosea hapo gari litakata kona upande mmoja kuliko mwingine, na hakuna trimu ya rimoti itakayolirekebisha, kwa sababu kosa liko kwenye vyuma.

Ncha ya mkono haitembei mstari mnyoofu. Inapinda kama mm 3.6 kwenda mbele au nyuma, kwa hiyo mwili wa akchueta lazima uwe huru kuyumba nyuzi mbili hivi. Ndiyo maana haibanwi kwa klempu. Weka bolti moja tu nyuma, inayojaa tundu bila kucheza, nati ya nailoni, kaza mpaka iguse kisha irudishe robo mzunguko. Upande wa kiwiko weka bolijointi ya M3 (kiungo cha gololi kinachoyumba pande zote), sio bolti kavu. Pini ya kiwiko huwa imeinama, na mkono ukigeuka unapanda au kushuka kidogo. Bolti kavu itageuza hilo kuwa mzigo wa ubavuni. Kwa fimbo ya mm 30 kikomo cha ubavuni ni nyutoni 40 tu, na jiwe linaloingia chini ya ekseli linazipita hizo kirahisi.

Breketi tengeneza kwa alumini ya pembe 20 × 20, unene mm 2. Mafundi wa madirisha ya alumini wana vipande vinavyobaki. Toboa tundu la bolti mwisho, baada ya kuishikilia akchueta mahali pake na kuzungusha tairi kona hadi kona kwa mkono. Linganisha urefu wa tundu la nyuma na la kiwiko kutoka chini kwa rula; tofauti ya mm 2 inavumilika, mm 5 hapana.

gia_ndogo

Naongeza jambo moja ambalo halijatajwa: mshtuko.

Watu husema skrubu haisukumiki nyuma. Kwa L12 si kweli moja kwa moja. Bila umeme, 100:1 inaanza kurudi nyuma ikisukumwa kwa nyutoni 22, na 210:1 kwa 45. Ukisukuma polepole, inarudi bila kudhurika. Gari likidondoka toka kwenye jiwe na kutua kwa tairi moja iliyogeuzwa, hakuna muda wa gia kuzunguka, na meno madogo yanabeba pigo lote. Dalili ni sauti ya kukwaruza huku fimbo ikisimama sehemu ile ile kila mara.

Dawa yake ni kiungo chenye springi kati ya fimbo na kiwiko: kijiti cha M3 ndani ya bomba, springi mbili za shokapu zilizobanwa, moja kila upande wa washa ya katikati. Zibane mpaka kiungo kianze kulegea kwenye kilo 4.5 kwa akchueta ya 100:1. Upime kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mabegi. Ukibana kilo 2 tu, springi itaminywa kabla akchueta haijatumia nguvu yake na tairi hazitageuka. Ukibana kilo 10, springi ni pambo. Kiungo hiki kinaongeza urefu, kwa hiyo pima upya zile mm 97 za jamaa hapo juu.

Halafu joto. Muda wa kufanya kazi ulioruhusiwa ni asilimia 20: ikizunguka sekunde 10, ipumzike 40. Dereva anayechezesha usukani mfululizo juani Kunduchi ataipikia mota humo ndani.

krola_mtongani

Asanteni sana wakuu. Kwa hesabu hizi naona mbele nitapoteza kasi na nguvu kwa pamoja. Ekseli yangu ya nyuma nayo ina viwiko, sasa hivi vimefungwa kwa vijiti visigeuke. Je, akchueta ikienda nyuma, na sevo ibaki mbele lakini ihamishiwe kwenye chasi?

fundi_wa_namba

Hapo umepiga penyewe. Nyuma ndiko mahali pake. Usukani wa nyuma wa krola haudai haraka; unaugeuza mara moja kabla ya kona, unaurudisha katikati, basi. Sevo ikiwa nyuma inatetemeka na kula umeme muda wote kwa kushikilia katikati. Akchueta ikishafika inatulia, na skrubu inasaidia kushika. Uzito nyuma nao ni mdogo, hivyo zile nyutoni 42 zinakuwa na nafasi ya kupumua. Akchueta yenyewe ni gramu 34 tu.

Sevo ya mbele ukiihamishia kwenye chasi, kumbuka fimbo ya kuvutia usukani na fimbo ya panhardi (ile inayozuia ekseli isisogee kando) ziwe na urefu sawa na mwinamo sawa. Vinginevyo ndilo lile tatizo la shokapu kugeuza usukani.

Kwenye rimoti ipe chaneli ya 3, swichi ya hatua tatu: kushoto, katikati, kulia. Usiichanganye na chaneli ya mbele kwa waya wa Y, kwa sababu ya mbele itakuwa imeshamaliza kugeuka wakati ya nyuma bado iko njiani, na hutajua gari linaelekea wapi. Chaneli hiyo iache kwenye mapigo ya kawaida, 50 kwa sekunde, milisekunde 1 hadi 2. Zile hali za kasi za sevo za mashindano izime kwenye chaneli hiyo.

Kabla ya kuunganisha fimbo na kiwiko, shusha mwisho wa mwendo kwenye rimoti hadi asilimia 30 pande zote. Washa, hakikisha iko katikati, ndipo ufunge. Kisha panda asilimia 5 kwa 5 mpaka kiwiko kibakize mm 1 kabla ya kugonga kizuizi chake. Ukiacha asilimia 100 na kiwiko kikagonga, akchueta itaendelea kusukuma ikitafuta sehemu iliyoamriwa mpaka mota iungue. Na failsafe ya chaneli 3 (pale risiva inapoipeleka rimoti ikipotea) iwe katikati.

chumvi_na_kutu

Suala la Coco Beach lisipite hivi hivi. Kinga yake ni IP-54, maana yake vumbi na maji ya kurukiwa, sio kuzamishwa. Ekseli ikiingia kwenye dimbwi la bahari, fimbo ikirudi ndani inavuta chumvi, na bodi ndogo iliyo ndani ndiyo inayokufa kwanza.

Kata kidole cha glavu ya nitrili, kivishe fimbo, funga pande zote kwa uzi na grisi ya silikoni kidogo. Toboa tundu la sindano upande wa chini, kwa sababu fimbo ikitembea hewa lazima itoke na kuingia. Bila tundu, kidole kinanyonywa ndani na kung'atwa na fimbo. Badilisha kikichanika. Vumbi la chokaa la Kunduchi ukilifuta, tumia brashi kavu. Usilipulize kwa kompresa kuelekea fimbo, linaingia kwenye sili. Ukitoka baharini, kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, fimbo ikiwa imerudi ndani yote, kisha ukaushe kivulini fimbo ikiwa nje.