Naomba ushauri: wasiwasi unaonikosesha usingizi

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Morogoro, na kwa miezi kadhaa sasa, kila nikilala, moyo hunienda mbio huku nikiwaza marejesho ya mkopo na ada za watoto, hadi adhana ya alfajiri inanikuta macho. Nilipimwa presha na sukari, nikaambiwa niko salama, bali nina wasiwasi uliopita kiasi. Muuguzi alinielekeza kuvuta pumzi kwa puani nikihesabu hadi 4, kisha kuitoa taratibu hadi 6, kwa kuwa pumzi inayotoka polepole hutuliza mapigo ya moyo. Husaidia kweli, ila nikiacha tu mawazo yanarudi. Kahawa ya jioni nimeiacha (kijiweni wananicheka), na simu hulala sebuleni.

Naomba waliopitia hali hii wanieleze: usingizi ukikatika, ni heri niamke niyaandike mawazo hayo, au nibaki kitandani? Kutembea kwa miguu kunafaa zaidi asubuhi au jioni? Na anayetaka ushauri nasaha katika hospitali ya serikali huanzia wapi, hasa mwenye bima? Dawa za usingizi za kujinunulia sizitaki.