Tupeane uzoefu: neno "jump" liliwahi kukukwamisha wapi?

Mwalimu_Uyole

Wakuu, salamu kutoka Uyole, baridi ndiyo inakolea. Nafundisha Kiingereza darasa la sita. Juzi niliwapa watoto insha fupi kuhusu familia, binti mmoja akaandika: "My father jumped me." Kalamu nyekundu ilikuwa tayari mkononi, nikasita. Nikamwita pembeni nikamuuliza kwa Kiswahili alitaka kusema nini. Akajibu huku akichimba udongo kwa kidole cha mguu: "Baba aliniruka, mwalimu. Alisema mimi si wake."

Mwingereza akiisoma sentensi ile ataelewa kwamba baba alimvamia mtoto ampige. Sikumkosesha. Tulikaa tukaiandika upya kwa maneno anayoyajua: "My father says I am not his child." Nimeibeba sentensi hiyo kichwani wiki nzima.

Sisi "kuruka" tumeitwisha mizigo mingi: ndege anaruka, chura anaruka, mwanafunzi anaruka mstari, mtu anaruka maneno yake mwenyewe. Mwingereza anagawa. Ndege ni "fly", mstari ni "skip". Hata miguu anaiangalia: mtu akiruka kwa mguu mmoja ni "hop", na sungura naye ni "hop" ingawa anatumia yote, akijirusha mbali kwa nguvu ni "leap". Kwa hiyo siku hizi nafundishia uwanjani. Miruko mitatu ile ya mashindano ya shule, Waingereza waliiita "hop, step and jump": unatua kwa mguu uleule ulioondokea, kisha kwa mguu wa pili, kisha mchangani kwa yote miwili. Mtoto akishaifanya mara tano, hayo maneno hayamtoki.

Nanyi leteni yenu.

Dereva_Mafinga

Kamwene mwalimu. Pole na huyo mtoto.

Mimi ilinikuta Mafinga, mwezi wa saba, alfajiri. Pikapu imelala nje, betri imekufa kabisa, ukiwasha unasikia "tik" basi. Akapita mgeni mmoja na gari lake, akashusha kioo: "Do you need a jump?" Nikajua ananiuliza kama nataka kuruka, labda nipashe mwili moto. Nikamwambia hapana, asante. Akaanza kuondoka! Utingo wangu ndiye aliyeziona waya za betri kwenye kiti cha nyuma, akamkimbilia.

Kumbe kwao ndiyo kubusti, yaani kuwasha gari kwa betri ya gari jingine. Yule mgeni alinifundisha jambo ambalo mafundi wetu wengi wanalipuuza: waya nyekundu, chanya kwa chanya, nyeusi, ncha moja kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho usiishike kwenye betri iliyokufa, ishike kwenye chuma kitupu cha injini, mbali kidogo. Betri hutoa gesi, na cheche ikiruka hapo juu yake inaweza kulipuka. Nimeona fundi akiungua uso kwa kupuuza hilo. Na muwe makini, gari la volti 12 lisibustiwe na lori la volti 24.

Binti_Kihesa

Dada yenu naongoza watalii hifadhi ya Ruaha. Mwanzoni kila mnyama kwangu alikuwa "jumping". Swala pala wakikurupuka, "jumping". Nyani akishuka mtini, "jumping". Mama mmoja mtu mzima, mgeni, akaniambia kwa upole: swala pala akiruka juu namna ile ni "leap", na wakikimbia kwa kudundadunda ni "bound". Niliandika kiganjani.

Ila ninayempenda ni mbuzi mawe. Anasimama juu ya jiwe kwa ncha za kwato, zote nne zinaenea mahali padogo sana, halafu anahamia jiwe jingine kama vile hana uzito. Wageni wanamwita "klipspringer", jina la Kiafrikana, maana yake mruka-mawe. Wao wameangalia anachofanya, sisi tumeangalia anapokaa.

Mama_Mwanjelwa

Kwangu ni foleni. "Do not jump the queue", nilidhani wanakataza watoto kurukaruka pale dirishani, nikamshika mwanangu mkono kwa nguvu mpaka akalia. Nilimwomba radhi nilipoelezwa kwamba wanakataza kuwapita walio mbele kwenye foleni.

Mwalimu, swali: mtu "ameniruka futi mia" nisemeje? Nimekopesha mchele kwa mtu, sasa ananiruka mchana kweupe, na mjukuu anataka tumwandikie kwa Kiingereza.

Mwalimu_Uyole

Mama, shikamoo. Futi mia ziacheni, hazivuki mpaka. Andikeni "He flatly denies it." Na kama mna daftari la mkopo, tajeni kilo na tarehe kabla ya sentensi hiyo.

Dereva, hilo la chuma cha injini nitawafundisha watoto kesho, wengi baba zao ni madereva. Walioko Tukuyu na Njombe, bado nawasubiri.