Naomba ushauri: kwaya imerekodi wimbo wangu bila jina langu

Tumsifu Yesu Kristu, wapendwa. Mimi ni mwalimu wa kwaya na mpiga kinanda parokiani, hapa Tanzania. Kuna wimbo wa shukrani niliutunga kwa sauti nne. Nota za besi nilizifuta na kuziandika upya hadi karatasi ikatoboka. Kwaya jirani waliponiomba nakala niliwapa kwa moyo mweupe. Sasa wameurekodi, na mtunzi ameandikwa mwingine! Imeniuma sana. Fedha sidai, nataka jina langu tu. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, lakini hawa tunasali nao. Nianzie COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki Tanzania, au kwa paroko wao? Nakala yenye tarehe ninayo.